Kompyuta mpya, piloti za kubahatisha: nani analipia uvivu wa mafundi Butembo na Beni?

BUTEMBO / BENI – Kwenye maduka ya Rue d'Ambiance mjini Butembo, na kwenye vibanda vya mafundi kandokando ya Boulevard Nyamwisi mjini Beni, kompyuta mpya huzaliwa karibu kila siku. Si zile zinazotoka kiwandani ndani ya katoni moja yenye karatasi ya garanti. Ni zile za kuunganishwa: kasha limetoka Guangzhou, kadi mama imepitia Dubai, disko imenunuliwa Kampala, na vyote vimevuka mpaka wa Kasindi ndani ya lori lililobeba pia mabati na vitenge. Fundi anakaza skrubu, anachomeka rami, anaweka Windows kutoka kwenye flashi yake, skrini inawaka, mteja anatabasamu, dola zinahesabiwa. Kazi imekwisha.

Imekwisha kwa fundi. Mteja anafika nyumbani na kukuta sauti haitoki. Wifi haionekani. Maandishi kwenye skrini ni makubwa kama ya bango la kanisa. Video inaruka-ruka. Imprimanti inatoa kurasa zilizojaa alama ambazo hata mwalimu wa hesabu hazijui. Anarudi dukani, na hapo anapewa jibu linalotolewa kwa kila ugonjwa: "Mashine imeingiwa na virusi, acha hapa mpaka kesho." Kesho analipa tena.

Mara nyingi hakuna virusi vyovyote. Kilichokosekana ni piloti, na fundi alijua.

Neno hili lielezwe wazi, kwa sababu wasikilizaji wengi hulisikia mdomoni mwa fundi tu, kama vile mgonjwa anavyosikia jina la dawa. Piloti, ambayo waliojifunza kazi Uganda huiita drayiva, ni programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani kati ya Windows na kipande kimoja cha kompyuta. Windows inataka kutoa sauti. Kadi ya sauti haielewi lugha ya Windows. Piloti iko katikati, inatafsiri kwenda na kurudi. Kadi ya picha ina mkalimani wake, kadi ya mtandao wake, imprimanti wake. Hawabadilishani. Mzee wa Kamango anayesema Kitalinga akiletewa mkalimani anayejua Kilingala tu, wote wawili wataishia kuonyeshana kwa mikono.

Na Windows yenyewe inajua kuonyesha kwa mikono. Hapo ndipo ujanja ulipo. Ikikosa piloti halisi ya kadi ya picha, inatumia ya jumla, ile inayoitwa Microsoft Basic, ambayo inatosha kuwasha skrini na kuonyesha madirisha. Mashine inaonekana nzima. Lakini kadi ya picha imelala, prosesa inafanya kazi za wawili, na kuangalia video ya dakika tano kunakuwa mateso. Mteja aliyelipia kadi nzuri anatumia sehemu ndogo tu ya alicholipia. Ndiyo maana fundi mvivu hashikwi: mashine imewaka mbele ya macho ya mwenyewe, na nani atabishana na mashine inayowaka?

Ushahidi lakini upo, na haufichiki. Ukibonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi X, orodha inafunguka. Ndani yake kuna mstari ulioandikwa Gestionnaire de périphériques. Hapo vipande vyote vya kompyuta vinaorodheshwa, na kile ambacho hakina mkalimani kinabeba pembetatu ndogo ya njano. Ukikibonyeza mara mbili, Windows inakiri yenyewe: code 28, yaani piloti haijawekwa. Fundi yeyote wa Butembo au Beni anaijua pembetatu hiyo. Wapo wanaoiacha mbele ya mteja kwa kuwa mteja haijui.

Msomaji anaweza kusema: mbona kelele zote hizi kwa sababu ya pembetatu, katika mji ambao watu wanalala na nguo wakiwa tayari kukimbia? Jibu lake liko kwenye redio.

Butembo na Beni ni miji inayoishi kwa redio. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuongezeka katika eneo la Beni, familia nyingi hufungua redio kabla ya kufungua mlango. Ni redio inayowaambia kama njia ya Mbau imepitika, kama Eringeti imelala salama, kama soko la Oicha litafanyika. Waliokimbia Kanyabayonga na vijiji vya Lubero ya kusini mwezi Juni 2024, M23 ilipoingia, wanasikiliza wakiwa katika vyumba vya madarasa na kwa jamaa waliowapokea, kwenye simu ndogo ya betri inayohesabiwa. Baada ya Goma kuchukuliwa mwishoni mwa Januari 2025, Beni ndiyo ikawa makao ya muda ya serikali ya jimbo, na matangazo yanayohusu jimbo zima yakaanza kusomwa kutoka huko.

Sasa studio ya redio ya jamii ni nini? Ni mikrofoni, ni meza ya kuchanganyia sauti, ni mtambo wa kurushia, na katikati yao kompyuta moja. Mara nyingi ni kompyuta ya kuunganishwa, kwa sababu bajeti haina nafasi ya nyingine. Kompyuta hiyo ikiwa na piloti mbaya, sauti inapasuka. Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalitafuti: mara kwa mara kosa halimo katika kadi ya sauti. Linaweza kuwa katika piloti ya wifi, au ya chipset, ambayo inaishika prosesa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde zaidi ya inavyostahili. Mtu anayeandika barua hataona kitu. Sauti, ambayo inataka prosesa bila kusubiri, inakatika. Fundi anabadilisha waya, anabadilisha mikrofoni, anailaumu meza ya sauti, anashauri kununua nyingine, na piloti ya wifi inaendelea kukata maneno ya mtangazaji.

Lugha ya Kiswahili haina huruma na jambo hilo. Kukanusha kwetu kunabebwa na silabi moja au mbili mwanzoni mwa neno. Mtangazaji anasema "msirudi mashambani". Silabi mbili za kwanza zimemezwa na mpasuko. Anayesikiliza amesikia "rudi mashambani". Mtangazaji mwenye uzoefu hurudia tangazo mara tatu kwa sababu hiyo hiyo, na anastahili pongezi. Lakini kwa nini arekebishe kwa mdomo wake kile ambacho fundi aliacha kurekebisha kwa nusu saa?

Uchungu mwingine uko kwenye nyumba za kuchapia, zile watu wanaziita sekretaria. Mtoto aliyekimbia na wazazi wake, akaacha shule huko, akapokelewa na shule ya hapa, anahitaji karatasi: ombi, nakala ya bileteni, fomu ya kujiandikisha kwa Examen d'État. Mama anapanga foleni akiwa na noti chache za franka. Imprimanti ya HP LaserJet 1020, ambayo bado inaonekana katika sekretaria nyingi kwa sababu ni ngumu na wino wake unapatikana, ina tabia moja: haikai na programu yake yote ndani. Kila inapowashwa inasubiri kompyuta iitumie, na inayoituma ni piloti. Piloti isipokuwa yenyewe, taa ya imprimanti inawaka vizuri kabisa na hakuna karatasi inayotoka. Au zinatoka kumi zenye mstari mmoja wa alama kila moja. Karatasi hizo zinahesabiwa kwa nani? Mara nyingi kwa mama yule.

Turudi kwa fundi na flashi yake. Kwa kuwa wengine watasema kwamba piloti anaziweka, na ni kweli anaziweka. Swali ni zipi. Flashi hiyo ina mkusanyiko mmoja mkubwa, makumi ya gigabaiti, unaodai kuwa na piloti za kompyuta zote duniani. Fundi anabonyeza kitufe kimoja, tout installer, anatoka nje kununua mandazi. Akirudi, pembetatu za njano zimetoweka. Haki itendeke: mikusanyiko hii wakati mwingine inafanya kazi, na kwa kadi mama ya zamani ambayo mtengenezaji ameisahau, inaweza kuwa njia pekee iliyobaki. Kuitumia kama kijiti cha mwisho si dhambi. Kuitumia kama kijiti cha kwanza, kwa kila mashine, bila hata kusoma jina la kadi mama, hiyo ni kamari, na mtu anacheza kwa fedha ya mwenzake.

Maana mkusanyiko unachagua kwa kukisia. Unaweka piloti ya ndugu wa kile kipande, iliyo karibu nayo lakini siyo yenyewe; mashine inafanya kazi wiki mbili, kisha inaanza kuzimika yenyewe kwa skrini ya bluu. Mara nyingi unaleta pamoja nao programu ambazo hakuna aliyeziomba: navigateri ya ajabu, "msafishaji" wa disko, matangazo yanayokula mega. Na kabla ya kuanza, fundi anazima antivirasi, kwa sababu antivirasi inapiga kelele. Inapiga kelele kwa nini? Hilo halimshughulishi. Flashi imepita mikono ya mafundi kumi, kutoka Kampala hadi Kasindi, kutoka Kasindi hadi Butembo, kila mmoja ameichomeka kwenye mashine za wateja wake wagonjwa. Hivyo ile hadithi ya virusi, iliyokuwa uongo mara ya kwanza, inakuwa kweli mara ya pili, na aliyevileta ni daktari mwenyewe.

Inafaa watu wajue kwamba piloti si programu kama nyingine. Programu ya kuandikia barua ikiharibika, inafungwa yenyewe na kompyuta inaendelea. Piloti nyingi zinafanya kazi ndani kabisa, kwenye moyo wa Windows, mahali ambapo kila kitu kinaonekana na kila kitu kinaguswa. Kosa dogo pale linaangusha mashine nzima. Dunia ililiona hilo tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilipotuma faili moja yenye kasoro kwa programu yake inayofanya kazi mahali hapo hapo. Kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows zilianguka; ndege zikabaki uwanjani, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Ile ilikuwa kampuni yenye wahandisi wengi, iliyosahihisha faili yake ndani ya muda mfupi. Flashi isiyo na mwenyewe haina mhandisi wa kusahihisha.

Kwa sababu hiyo hiyo Windows za biti 64 zinadai piloti iwe na sahihi ya mtengenezaji inayotambulika. Mafundi wanajua namna ya kuzima ulinzi huo ili piloti isiyo na sahihi ipite. Anayefanya hivyo kwenye kompyuta ya mtoto ya michezo, labda. Lakini mashine hizo hizo zinakwenda kwenye ofisi za mashirika ya raia, kwa wale wanaoandika majina ya waliouawa, majina ya walioona, namba za simu za wanaojificha. Zinakwenda kwa wanaotunza orodha za familia zilizokimbia, nani anaishi kwa nani, katika kata gani. Katika nchi hii, orodha ya majina ikiingia katika mikono mibaya, watu wanakufa. Kuweka programu isiyojulikana ndani ya moyo wa mashine kama hiyo, kwa sababu fundi alitaka kumaliza kabla ya saa kumi na mbili, ni jambo ambalo halina jina la heshima.

Na njia iliyo sawa si siri wala si ya wazungu. Kwanza, jina la kadi mama limeandikwa juu ya kadi mama yenyewe, kwa herufi kubwa, karibu na prosesa au kati ya nafasi za kadi. Fundi amelishika mkononi kabla ya kulifunga ndani ya kasha. Angeliandika kwa kalamu kwenye ubavu wa kasha, shida nusu ingekwisha. Kasha likiwa limefungwa tayari, kuna msinfo32: andika neno hilo kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, jina linatokea. Kwa jina hilo, tovuti ya mtengenezaji, iwe ASUS, Gigabyte, MSI au mwingine, inatoa ukurasa wa kadi mama hiyo tu, na piloti zake tu, kwa Windows iliyowekwa.

Kipande kinachokataa kujitambulisha nacho kina kitambulisho chake, kama kadi ya uraia. Katika ile orodha yenye pembetatu, chini ya Détails, kuna namba za kipande: VEN ni ukoo wa mtengenezaji, DEV ni jina lake mwenyewe. Ukoo 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 10EC ni Realtek. Kwa namba hizo mbili kipande kinapatikana bila kukisia. Inachukua dakika chache kwa kila pembetatu. Kwa dakika hizo fundi anajua, hafikirii.

Kuna mtego unaojulikana na kila aliyeunganisha kompyuta: piloti ya mtandao haipatikani bila mtandao, na mtandao hauji bila piloti. Ndiyo maana ya kwanza kupakuliwa, kwenye mashine nyingine au kwenye simu, ni ya kadi ya mtandao. Ni faili ndogo. Au simu inaunganishwa kwa waya wa USB na kugawa mega zake, na Windows kwa kawaida inaitambua. Baada ya hapo chipset, kisha picha, kisha sauti, kisha imprimanti, na Windows Update inajaza mapengo. Prosesa za Intel tangu kizazi cha 11 zinaweza kuleta kisa kingine: wakati wa kuweka Windows, disko haionekani kabisa, na kuna mafundi wanaomwambia mteja disko imekufa, nunua nyingine. Mara nyingi disko ni nzima. Inahitaji piloti ya Intel inayoitwa RST, ipewe kwenye flashi wakati huo huo. Kuna disko ngapi nzima zimebadilishwa hivyo, na zile "zilizokufa" ziliuzwa kwa nani?

Onyo moja zaidi, hili ni la miji yetu hasa. Baadhi ya vijana, wakiona kompyuta haitulii, wanakimbilia kubadilisha BIOS, ile programu ya kwanza iliyo ndani ya kadi mama. BIOS si piloti, na umeme wa hapa si wa kuuamini. Butembo iliishi miaka mingi kwa jenereta na paneli za jua, na hata panapofika umeme wa maji leo, unakatika bila kuaga. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kadi mama nyingi hazifufuki. Bila betri ya akiba yenye chaji, BIOS iachwe kama ilivyo.

Mafundi wana majibu yao, na yasikilizwe. La kwanza ni mega. Mega ni ghali, na piloti ya kadi ya picha ya NVIDIA peke yake inazidi megabaiti mia tano. Ni kweli. La pili ni kwamba mteja hataki kulipia muda. Anataka bei ya chini na mashine leo hii. Ni kweli pia, na wateja wajitazame: mtu anayebishana na fundi kwa dola mbili za kazi, kisha anakwenda kutumia tano kwa vinywaji akisherehekea mashine, ana sehemu yake katika lawama. La tatu linasemwa kwa sauti ya chini: watu wamechoka, kuna vita, nani ana wakati wa pembetatu za njano?

Lakini jibu la mega haliko mbali. Mfanyabiashara wa Butembo haagizi kadi mama moja. Anaagiza katoni nzima, na kadi mama za katoni moja mara nyingi ni za jina moja. Piloti zake zikipakuliwa mara moja, usiku, bei ya mega ikiwa chini, zinatosha kwa katoni nzima. Zikinakiliwa kwenye flashi ndogo na kukabidhiwa pamoja na kila mashine, gharama kwa kila mteja ni karibu na bure, na mteja anaondoka na dawa ya siku ile Windows itakapowekwa upya, huko Oicha au Kyondo ambako mtandao unapanda na kushuka. Mfanyabiashara mwenye uwezo wa kuleta kontena kutoka China kupitia Mombasa na Kampala hadi Kasindi, akalipa kila kizuizi njiani, hawezi kusema kwamba kilichomshinda ni kupakua faili. Sharti hili liwekwe kwake kabla ya kuwekwa kwa kijana anayekaza skrubu kwa malipo ya siku.

Kuhusu vita, hoja hiyo igeuzwe. Ni kwa sababu ya vita kwamba mashine inapaswa kutoka dukani ikiwa kamili. Aliyeinunua mjini Beni anaweza kesho kuwa Butembo, kilomita 54, na kesho kutwa mbali zaidi, na ile garanti ya mdomo inabaki nyuma ya kizuizi cha barabara. Familia iliyokimbia ikachagua kubeba kompyuta kichwani kati ya vitu vichache ilivyoweza kubeba, kwa sababu mtoto wao mkubwa anapata chochote kwa kuchapa barua za watu, haina fundi wa kumrudia.

Kuna mashine za zamani, na hapa fundi asilaumiwe kwa yasiyo yake. Kadi mama nyingi zinazoletwa kama mpya ni za zama za chipset ya H61, iliyotoka 2011, zilizosafishwa na kutiwa katika katoni mpya bila jina la kampuni. Hazina tovuti. Intel yenyewe iliondoa piloti na BIOS za bidhaa zake nyingi za zamani kwenye tovuti yake mwaka 2019. Windows 7, ambayo bado inawekwa kwa sababu ni nyepesi, iliachwa na Microsoft Januari 2020. Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine za umri huo. Kwa kompyuta kama hiyo ipo Linux, ambayo hubeba piloti nyingi ndani yake yenyewe, bila malipo, na kadi nyingi za Intel na AMD huamka zenyewe siku ya kwanza. Si dawa ya kila kitu: baadhi ya kadi za wifi za Broadcom zinasumbua, na programu nyingine za redio hazifanyi kazi humo. Ila fundi mwaminifu angemwambia mteja kwamba njia hiyo ipo, badala ya kumuuzia Windows iliyovunjwa juu ya chipset ya 2011 na kuiita mpya.

Vyuo vya Butembo na Beni vyenye idara ya informatiki, na vituo vinavyofundisha vijana waliokimbia vita, navyo vinaguswa. Kijana anafundishwa Word na Excel kwa miezi mitatu, anapewa cheti, hajawahi hata siku moja kufungua ile orodha yenye pembetatu. Baadaye anapata nafasi kwenye kibanda, anakabidhiwa flashi ya bosi, anaambiwa: bonyeza hapa. Somo moja la asubuhi lingetosha.

Mpaka hapo wafanyabiashara, mafundi na walimu watakapoamka, mnunuzi ana nguvu moja, nayo ni fedha ambayo bado iko mfukoni mwake. Asiitoe mashine inapowaka. Aombe kwanza orodha ya vifaa ifunguliwe mbele yake, aitazame mpaka chini, asikubali pembetatu hata moja. Aombe wimbo upigwe. Aombe wifi iunganishwe na simu yake. Kama imprimanti ni sehemu ya bei, ukurasa uchapwe, asomeke. Aombe jina la kadi mama liandikwe kwenye risiti, na piloti zake ziwe kwenye flashi anayoondoka nayo. Fundi anayejua kazi yake atafanya yote hayo kwa muda wa kunywa chai, wala hatakasirika. Anayekasirika aachwe na mashine yake; Rue d'Ambiance ina maduka mengi.